Kiatu cha Cinderella Barazani Petu

Ngano hazijawahi kukaa kwao. Zimesafiri na mabaharia na wachuuzi, na watumwa, na wamisionari, na mabibi harusi walioolewa ng'ambo, na kila ziliposhuka zikavishwa nguo za wenyeji. Kwa hiyo swali la kama tuwasimulie watoto wetu Cinderella au Nguruwe Watatu kwa sura ya kwetu ni la zamani kuliko maduka ya vitabu. Kilichozidi siku hizi ni mswada, na mchoraji anayesubiri malipo yake, na mtoto ambaye ngano yenyewe ameshaiona kwenye simu ya mjomba wake.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tatu. Nimezisikia mara nyingi zikiwa zimetawanyika, kila jambo hili linapozuka. Hapa nimeziketisha pamoja. Mhariri ni mwanamke anayetengeneza vitabu vya watoto Dar es Salaam. Mwalimu anafundisha darasa la tatu katika kijiji cha pwani ya Tanga. Bibi ni wa Unguja, msimulizi, na amekuwa somo wa mabinti wengi mpaka hawahesabu tena. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MHARIRI: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Na wewe Mwalimu, hujambo? Haya, semeni kilichowaleta.

MHARIRI: Nina mswada wa Cinderella. Mwandishi amempa jina la Zawadi. Anavaa kanga, anasonga ugali, anachota maji kisimani. Mwana wa mfalme amekuwa mwana wa chifu, na gari la farasi limekuwa bajaji, ambayo saa sita ya usiku inageuka boga. Watoto watacheka pale kwenye bajaji, nina hakika. Lakini nimeusoma mara ya pili na ya tatu, na kila nikisoma naona ni Ufaransa ile ile. Watu wamebadili nguo tu. Wanayotendeana hayajabadilika hata kidogo.

MWALIMU: Dada, mimi naona unaudai mswada makubwa. Darasani kwangu mtoto akimwona Zawadi amejifunga kanga ya rangi anayoijua, kitabu anakifungua mwenyewe bila kuambiwa. Kwa mwalimu hilo si dogo. Vitabu vingi nilivyonavyo vinabaki kabatini kwa sababu mtoto hajioni mle.

BIBI: Hicho kiatu kilimtoka wapi?

MHARIRI: Kwenye ngazi za ukumbi, Bibi, akikimbia.

BIBI: Alikuwa na viatu ukumbini? Kwetu viatu vinakaa mlangoni. Nenda kwenye harusi yoyote uone lundo lake pale. Watu wanaondoka na viatu vya wenzao, kesho yake wanarudishiana. Kiatu kilichobaki mlangoni hakijamtafutia mtu mke. Na huyo mwana wa chifu alimwonaje binti? Sherehe ya wanawake ni ya wanawake. Akiingia humo, mwana wa chifu au asiwe mwana wa chifu, atatolewa.

MWALIMU: Bibi, ni ngano. Paka anasema, panya anavuta gari.

BIBI: Panya avute gari, mimi sina ugomvi na panya. Lakini watu lazima wawe watu. Ukinisimulia kwamba simba alimposa kima, nitasikiliza. Ukinisimulia kwamba binti aliposwa na hakuna mwanamke hata mmoja wa upande wa mume aliyemwona kwanza, nitakuuliza hiyo ni nchi gani.

Hapa Bibi amegusa penyewe, na nataka tupakalie kidogo kabla hawajaendelea. Cinderella tunayemjua, mwenye mama wa ubatizo wa kichawi, boga na kiatu cha kioo, ni wa Charles Perrault, aliyemchapisha Paris mwaka 1697. Lakini zaidi ya miaka mia nane kabla yake, mwandishi Duan Chengshi alikuwa ameshaandika nchini China habari za Ye Xian, msichana aliyeteswa na mke wa baba yake. Ye Xian hana mama wa ubatizo. Ana samaki aliyemfuga. Mke wa baba anamwua samaki, na mifupa yake ndiyo inayompa msichana nguo na kiatu cha dhahabu. Kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, mtoaji ni mti ulioota juu ya kaburi la mama yake mzazi, ambao msichana aliumwagilia kwa machozi. Angalieni mahali palipobadilika. Kiatu kinabaki karibu kila mahali. Anayebadilika ni yule anayetoa: samaki, marehemu mama, mama wa ubatizo. Watu wa kila mahali walijiuliza, kwetu sisi, yatima asiye na mtu anaweza kupata msaada kwa nani? Wakajibu kwa kadiri ya maisha yao. Mswada wa Zawadi haukujiuliza swali hilo. Umemchukua mama wa ubatizo wa Ufaransa ukamfunga kilemba.

BIBI: Mimi nitawapa ngano muone. Paukwa!

MHARIRI NA MWALIMU: Pakawa!

BIBI: Palikuwa na maskini, jina lake Hamdani, kazi yake kuchakura jaani atafute punje za kula. Siku moja akaokota thumuni. Akapita mtu anauza paa, amewatia tunduni. Hamdani akatoa thumuni yake ile ile, akanunua paa mmoja, na watu wakamcheka: huna cha kula, unanunua wa kumlisha? Paa akanena. Akaenda malishoni, akaona almasi, akaipeleka kwa sultani kwa jina la bwana wake, kama kwamba bwana wake ni mkubwa wa nchi nyingine. Akamposea binti wa sultani. Akaenda akamwua nyoka mwenye vichwa saba, nyumba ya nyoka na mali yake yote akampa bwana wake. Bwana akakaa juu, akawa bwana kweli. Kisha paa akaugua. Akalala chini, anatuma salamu juu: mwambieni bwana naumwa. Bwana hakushuka. Akasema, mpikieni uji wa mtama. Mkewe akalia, akamwambia huyu ndiye aliyekupa kila kitu, bwana asisikie. Paa akafa, wakamtupa kisimani. Basi siku moja bwana akalala kitandani pake, akaota yuko jaani anachakura. Akafumbua macho, yuko jaani anachakura.

MWALIMU: Huyu ni Paka Mwenye Buti!

MHARIRI: Ndiye, na siye. Tuna andiko lake. Mmisionari Edward Steere aliisikia Unguja kwa wenyeji wenyewe, akaichapa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Na paka wa Perrault yumo katika kitabu kile kile cha 1697 chenye Cinderella. Mwana wa msaga nafaka anarithi paka, paka anamwongopea mfalme kwamba bwana wake ni mwungwana mwenye mashamba, anamla zimwi lililojigeuza panya, anamtwalia jumba lake. Kijana anaoa. Paka anakuwa mheshimiwa, hawindi tena panya ila kwa kujifurahisha. Hapo imekwisha, wote wamefaulu.

MWALIMU: Na kwetu kafa.

MHARIRI: Kuna ya katikati. Giambattista Basile wa Napoli, kitabu chake cha 1634, ana paka aliyejifanya amekufa ili ampime bwana wake, na bwana akasema mshikeni mguu mkamtupe dirishani. Paka akainuka, akamtukana, akaondoka zake. Kwa hiyo bwana asiye na shukrani hakuzaliwa Unguja. Ila Napoli bwana anabaki na mali yake, na paka anabaki na uhai wake.

Unguja hawakukubali. Paa lazima afe, na bwana lazima arudi jaani. Nimeufikiria mwisho huu kwa miaka na bado unanishika. Huyu msaidizi wa Unguja hakurithiwa kama paka wa Perrault, amenunuliwa. Alikuwa tunduni, akatolewa kwa thumuni, akafanya kazi, akamtajirisha aliyemnunua, akamposea mke, na alipougua akapewa uji wa mtama na hakuna aliyeshuka ngazi. Steere alichapa hadithi hii mwaka 1870. Soko la watumwa la Mji Mkongwe lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Siwezi kuthibitisha kwamba aliyeisimulia alikuwa na soko hilo akilini. Lakini mji mzima ulijua mtu kununuliwa ni nini, na ulijua nani huwa anaugua chini na nani anakaa juu. Wasimulizi wa mji huo walipoipata ngano ya mnyama anayemtajirisha bwana wake, hawakuishia kumvua paka buti na kumpa pembe. Waliuliza: bwana huyu anadaiwa nini? Na wakamdai.

MWALIMU: Sawa, lakini niambieni, mtoto wa miaka tisa nimpe ngano ambayo mwema anakufa kwa kupuuzwa? Walimu wenzangu watasema namtia mtoto huzuni.

BIBI: Walioniambia mimi hawakuniuliza umri. Nililia. Kesho yake nikaomba niambiwe tena.

MHARIRI: Na watoto wa Uingereza walipewa hivyo hivyo. Andrew Lang aliitia hadithi ya paa katika kitabu chake cha zambarau cha mwaka 1901, kimojawapo cha vile vitabu vya rangi vilivyosomwa na watoto wa Kiingereza kizazi baada ya kizazi. Paa anakufa mle pia. Bwana anaamka jaani mle pia.

MWALIMU: Hapo umenipa silaha, dada, na nitaitumia. Mtoto wa Kiingereza aliletewa paa na nyoka wa vichwa saba na uji wa mtama kama vilivyo, akaambiwa kuna nchi yenye mambo haya. Hakubadilishiwa paa akawa sungura wa shamba la Uingereza. Sasa kwa nini mtoto wangu abadilishiwe kila kitu? Tunadhani hawezi kubeba theluji? Anaweza. Darasani mtoto aliniuliza theluji ina harufu gani, na darasa zima likabishana mpaka kengele. Mimi nataka mtoto ajione katika kitabu, ndiyo, lakini nataka pia aone mbali. Tukigeuza kila ngano ya ulimwengu kuwa ya kijijini kwetu, atakua akidhani ulimwengu mzima ni kijiji chetu.

MHARIRI: Basi tufanye vitabu viwili. Tafsiri iwe tafsiri: msitu wa Ujerumani, theluji, mbwa mwitu, kila kitu mahali pake. Masimulizi mapya yawe mapya kweli. Ninachokikataa ni kile cha katikati, theluji iliyopakwa vumbi.

Mwalimu ana haki zaidi kuliko anavyodhani, na Mhariri pia. Ningeongeza sharti moja tu kwa vitabu vya aina zote mbili: ukurasa wa kwanza umwambie mtoto ngano imetoka wapi na imepita kwa nani. Marehemu John Steptoe, mchoraji wa New York, alipotengeneza kitabu chake cha mabinti wawili wa Mufaro mwaka 1987, alisema wazi kwamba kiini chake ni ngano iliyokusanywa kusini mwa Afrika na G. M. Theal katika karne ya 19. Kisha hakuchora Afrika ya jumla, yenye msonge mmoja na machweo. Alichagua Zimbabwe, akaegemea magofu ya Great Zimbabwe, kuta zake za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na mimea ya huko. Mtoto akikifungua anaona mahali, na mahali hapo anaweza kupatafuta kwenye ramani.

MWALIMU: Ngojeni, nina jambo lililoniuma zaidi. Niliwasomea Nguruwe Watatu, toleo la kwetu. Mwandishi alikuwa mwangalifu kwa namna yake. Kwa kuwa pwani tuko Waislamu wengi, nguruwe amewafanya mbuzi, na mbwa mwitu amekuwa fisi. Mbuzi wa kwanza nyumba ya makuti, wa pili fito na udongo, wa tatu matofali. Kitabu kinasema mbuzi wa kwanza alikuwa mvivu, ndiyo maana akajenga kwa makuti. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, babu yangu anatengeneza makuti. Anaamka alfajiri."

BIBI: Eeh.

MWALIMU: Nikatazama darasa. Zaidi ya nusu wamelala chini ya makuti usiku uliopita. Nawajua babu wanaoyatengeneza. Wanachana majani ya mnazi, wanayakunja juu ya ufito moja moja, wanashona kwa uzi wa mnazi wenyewe, kiungo baada ya kiungo, na vidole vyao vimekakamaa kwa kazi hiyo. Kitabu kimemwambia mjukuu kwamba hiyo ni nyumba ya mvivu. Nilikifunga.

MHARIRI: Na uvivu wenyewe haumo katika ngano ya zamani! Toleo lililoenea ni la Joseph Jacobs, London, mwaka 1890. Mama nguruwe hana cha kuwalisha wanawe, anawatoa wakatafute riziki. Wa kwanza anakutana na mtu aliyebeba mabua, anaomba, anapewa, anajenga. Wa pili anakutana na mwenye matawi ya kichaka cha miiba. Wa tatu anakutana na mwenye matofali. Basi. Hakuna aliyeitwa mvivu. Uvivu ulishika mizizi kwa filamu ya Walt Disney ya mwaka 1933, ambamo wawili wa kwanza wanapiga filimbi na fidla huku ndugu yao anapanga matofali. Mwandishi wako alibadili wanyama wote, na kile kitu kimoja kilichohitaji kubadilishwa akakiacha.

BIBI: Kumbe kila mmoja alijenga kwa alichopewa na aliyekutana naye njiani. Sasa hiyo ni ngano. Hiyo nitaisimulia. Na makuti, mwanangu, mvua ikinyesha kwa wenye mabati hamsikizani mle ndani. Mwulizeni fisi kama anaweza kuvuta pumzi chini ya bati saa nane ya mchana.

MWALIMU: Nitamwambia yule mtoto hivyo hivyo.

MHARIRI: Na kuna mama wa kambo. Katika mswada wa Zawadi amechorwa na meno.

MWALIMU: Hilo pia linanigusa. Ninao watoto wengi wanaolelewa na mke wa baba, na baadhi yao wanalelewa vizuri kuliko wenye mama zao.

MHARIRI: Ndugu Grimm hawakumbuni, lakini walimwingiza kwa kalamu mahali ambapo hakuwepo. Katika chapa yao ya kwanza anayetaka kumwua Snow White ni mama yake mzazi; chapa ya 1819 ikamgeuza mama wa kambo. Hansel na Gretel vivyo hivyo baadaye. Waliona mama mzazi hafai kusemwa vile mbele ya watoto. Kwa hiyo lawama ikahamishiwa kwa mwanamke mwingine, na imekaa kwake karne mbili.

Shaaban Robert aliyajua haya ya kuhamisha. Adili na Nduguze, kitabu chake cha mwaka 1952, kimejengwa juu ya hadithi ya Alfu Lela Ulela ya Abdullah bin Fadil, liwali wa Basra, anayelazimika kuwapiga mbwa wawili kila usiku, na mbwa hao ni ndugu zake. Shaaban Robert amemwondoa Harun al-Rashid, akamweka mfalme Rai. Basra imekuwa Janibu. Na mbwa wamekuwa manyani. Mtoto wa pwani akimsoma mtu anayempiga mbwa huenda asishtuke inavyotakiwa. Nyani ana mikono na ana uso. Anapopigwa analia kwa namna tunayoitambua, na msomaji ameshaanza kushuku kabla hajaambiwa. Mwandishi huyu hakuogopa kugusa kitu ambacho hadithi nzima imekiegemea, na ndiyo maana wasomaji wengi wanakisoma kitabu kile bila kujua kilitoka wapi.

MHARIRI: Bibi, turudi kwa Zawadi. Kama mswada ungekuwa wako, ungeanza wapi?

BIBI: Kwa somo wake. Huyo mchawi wenu wa ubatizo simjui, lakini binti asiye na mama ana somo. Somo ndiye anayemkalisha ndani, anamsinga, anampaka hina, anamfunza adabu ya kukaa na watu. Siku ya harusi ya mtu mkubwa somo atasema, na huyu wangu ataingia.

MWALIMU: Kwa nguo gani? Hana kitu.

BIBI: Ataazima. Kwani nyinyi hamuazimi? Mwanamke anayeingia harusini na dhahabu shingoni, usidhani ni yake yote. Mkufu wa shangazi, bangili za jirani, hereni za mke wa mjomba. Somo atakwenda nyumba kwa nyumba amkusanyie. Na kila mwenye mali atamwambia, nirudishie kabla ya alfajiri, kwa sababu na mimi nimeificha kwa mume wangu.

MHARIRI: Hiyo ndiyo saa sita ya usiku!

BIBI: Ndiyo saa yake. Siliogopi boga, namwogopa mwenye hereni. Sasa, ndani kule yupo mama wa mwana wa sultani, amekuja kutazama mabinti kama kawaida ya mama. Anamwona huyu: ametulia, anasaidia kupakua, anampisha mzee akae. Anauliza huyu wa nani, hakuna anayejua. Saa ya kurudisha imefika, binti anatoka mbio, na hereni moja inadondoka kwenye jamvi.

MWALIMU: Mama anaiokota, anaitafutia sikio lake.

BIBI: Anapeleka mtu mitaani na ile hereni. Na mwenyewe anajitokeza! Mke wa mjomba anasema, ya kwangu hiyo, na ya pili yake hii hapa. Hakusema uongo. Ni yake kweli. Na ana binti wake wa kuoza, anamvuta mbele. Mama wa mwana wa sultani anamtazama, siye. Lakini hereni ni zake, sonara mwenyewe ameshuhudia. Afanyeje?

MHARIRI: Bibi, usinyamaze hapo.

BIBI: Ndipo Zawadi anaingia. Usiku kucha hakulala kwa ajili ya ile hereni. Hajui habari ya posa, hajui wageni wamekuja kwa nini. Anaingia mbele ya watu wote, anasema: niliazima hereni zako mbili, nimekurudishia moja, ya pili imenipotea, nitakufulia na kukutwangia mpaka deni liishe. Basi amejulikana. Mguu wake haukupimwa.

Nakiri furaha yangu hapa bila haya. Hicho ndicho kitu ambacho mswada ulikosa, na hakuna kanga wala bajaji ambayo ingekileta. Katika ngano ya Perrault msichana anatambuliwa kwa udogo wa mguu, jambo ambalo hakulichagua wala kulifanyia kazi. Kwa Bibi anatambuliwa kwa deni alilokuja kulitaja mwenyewe mbele za watu. Mji uliomrudisha Hamdani jaani kwa deni asilolilipa ungeielewa ngano hii tangu sentensi ya kwanza.

MWALIMU: Na kisha anaolewa.

BIBI: Anaolewa, siku saba ngoma.

MWALIMU: Ana umri gani, Bibi?

BIBI: Ana umri wa kuingia harusini.

MWALIMU: Hapo tutagombana, kwa heshima zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nimekuwa na wanafunzi walioondoka na hawakurudi, na nyumbani kwao kulikuwa na vigelegele. Siwezi kusoma mbele ya wasichana wa darasa la tatu kwamba malipo ya uaminifu ni mume. Mmebadili mtoaji, mmebadili deni, mmefika kwenye mwisho mkamwachia Perrault.

MHARIRI: Kwa hilo naye ana hoja, Bibi. Ulisema mwenyewe watu lazima wawe watu. Binti wa sasa yuko shule.

BIBI: Na ngano bila harusi mtaifunga na nini? Watoto wakishapanda mlima huo wote nawashusha bila biriani?

MWALIMU: Harusi imeshapita, Bibi. Ile aliyokwenda na dhahabu ya watu. Biriani wameshakula.

BIBI: Basi nisikilizeni. Deni lisamehewe, kwa sababu hereni imeonekana. Mama wa mwana wa sultani amshike mkono, amjue kwao, ajue somo wake ni nani. Binti arudi shule. Lakini yule mama asiache kuja. Awe anakuja Idi na Idi, na sahani yake ya vitumbua, wazungumze. Mimi siachi watu wema wapoteane.

MWALIMU: Na posa?

BIBI: Posa itakuja binti akimaliza kusoma.

MWALIMU: Kidato cha nne au cha sita?

BIBI: Mwulize yeye. Si ndiye aliyeingia mbele ya watu wote akasema lake? Ataulizwa, atasema.

MHARIRI: Bibi, kwa kurasa 24 nilizonazo hayo hayaenei.

BIBI: Toa bajaji.